Ukuta Uliosiribwa kwa Ajili ya Wageni

Nilirudi Kibondo na diploma ya maendeleo ya jamii, niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza maharage Dar es Salaam. Naitaja kwa sababu watu husahau kuuliza. Mradi wa kukusanya historia ya kambi moja ya wakimbizi karibu na Makere ulipotafuta mratibu anayejua Kiha, Kirundi na kompyuta, sikuona mshindani.

Warundi walikuwa wanarudishwa kwao na kambi ilikuwa inafungwa. Tulichagua pamoja nao picha za kuonyesha Kasulu mjini. Kanuni niliiandika mimi: picha haitundikwi bila ridhaa ya mwenyewe. Ni kanuni nzuri sana.

Mtaalamu wetu wa maonyesho kutoka Dar alipenda ukuta wa jiko la mama mmoja mjane. Ulikuwa mweusi kwa masizi, na watoto wake walikuwa wameuchora kwa mkaa tangu wadogo: ng'ombe, malori ya chakula, helikopta. "Historia yote iko hapa," alisema. Nikaupiga picha kwa simu, kisha nikamwarifu mama kwa Kirundi safi kwamba Alhamisi wanakuja wageni na kamera kubwa, kuupiga ukuta wake vizuri.

Alhamisi tukakuta ukuta mweupe. Mama alikuwa ameusiriba kwa udongo mweupe mpya, bado una unyevu. Mtaalamu akakalia ndoo.

"Mama, michoro iko wapi?" nikauliza.

"Si ulisema wageni wanakuja?"

"Kuona michoro."

"Oya, hapana, mwanangu. Kwenu Kibondo mgeni anapokelewa na masizi?"

Majirani wakacheka. "Na diploma yote hiyo!" mmoja akaongeza.

Mtaalamu akaikumbuka picha ya simuni, akataka hiyo ndiyo itundikwe. Mama akaacha kutabasamu.

"Mwezi ujao sitakuwepo kujieleza," alisema. "Mkiweka ile, watu wa Kasulu watasema Warundi waliishi hivyo. Mimi nilikuwa na nyumba."

Mtaalamu akanikumbusha kuwa wafadhili wanasubiri. Nikamsomea kanuni, kwa sauti na bila kukwama. Kisha nikaifuta picha, mama akiinamia simu kuhakikisha. Ukuta mweupe aliuridhia, kamera kubwa ikaupiga.

Mama aliondoka kwa basi la wanaorejea. Wiki hiyohiyo nyumba ikabomolewa.

Kwenye maonyesho, wanawake wawili wa Heru Juu walisimama mbele ya picha ya ukuta mweupe muda mrefu kuliko mbele ya maelezo yangu, ambayo yalikuwa marefu na mazuri.

"Huyu alijua kusiriba," mmoja akamwambia mwenzake. "Siyo wewe."

"Hebu nitokee!"

Wakaenda kwenye picha inayofuata.