Wakutubi Wanaoimba

Kwa miaka ishirini na minne karani wa dirisha la pili aliamini kwamba chuo kile kisingeweza kusimama siku mbili bila yeye. Wakuu wa chuo walibadilika, wahadhiri walikuja na kuondoka, lakini pale dirishani pa ofisi ya msajili alikuwa yeye, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Siku hizi akisimulia habari hizi huanzia hapo hapo, kwenye hicho kichwa chake kikubwa, kisha hucheka mpaka machozi yanamtoka.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha Kanisa la Kilutheri: wanafunzi mia sita na ushei, majengo matano ya matofali yaliyozunguka uwanja wa nyasi, na kanisa katikati, lenye kengele iliyolia kama sufuria. Programu zilikuwa tano tu: theolojia, ualimu, uuguzi, uongozi wa ofisi, na ukutubi, yaani kazi ya maktaba na kumbukumbu. Mwongozo wa chuo, kile kitabu chenye kozi zote na namba zake, alikipiga chapa yeye kila mwaka. Mwanafunzi akija na swali, karani hakulijibu. Alimsukumia karatasi na kusema, "Kamilisha fomu kwanza. Halafu kasome mwongozo." Wanafunzi wakambandika jina la Bibi Kamilisha. Yeye alidhani ni jina la heshima.

Siku moja binti wa mwaka wa kwanza, mrefu mpaka wenzake wakamwita Twiga, alimwuliza bila ubaya wowote, "Mama, na wewe ulisoma programu gani hapa?"

Karani alikohoa. Akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Kamilisha fomu, mwanangu," akasema.

Swali lile alizunguka nalo siku nzima. Alikuwa ameandika vyeti vya shahada visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja chenye jina lake. Alichokuwa nacho yeye ni cheti cha upigaji chapa, tena cha miezi sita. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe, fundi saa, ameinamia meza yake ya kazi.

"Nataka kusoma," akamwambia. "Shahada. Ya ukutubi. Kazi yenyewe naijua, nitakuwa napita tu."

"Kama unaijua, unakwenda kusoma nini?"

"Ili wajue kwamba ninajua."

Fundi saa alitoa kioo chake jichoni, akamtazama mkewe. "Hapo umesema kweli," akasema, akairudia saa yake.

Utaratibu wa chuo uliruhusu wafanyakazi kusoma asubuhi na kufanya kazi mchana. Karani alijaza fomu kwa mbwembwe, akaipeleka dirisha la kwanza kwa mwenzake, mwanamke ambaye karani ndiye aliyemfundisha kazi. Ikarudishwa.

"Dada, hukusaini ukurasa wa tatu."

"Kwani kuna ukurasa wa tatu?"

"Mwongozo ndivyo unavyosema, dada."

Alisaini. Ikarudishwa tena: alikuwa ameandika tarehe ya siku ile mahali pa tarehe ya kuzaliwa.

Alipoingia darasani mara ya kwanza, zogo lilikatika ghafla. Walidhani amekuja kukagua mahudhurio. Alipoketi benchi la mbele na kutoa daftari, alisikia mtu nyuma akinong'ona, "Ametumwa huyu." Zilipita wiki tatu kabla mtu hajathubutu kuketi karibu naye, na aliyethubutu alikuwa Twiga, ambaye kumbe ndiye mwakilishi wa darasa.

Hapo ndipo karani alipoanza kujijua. Alikuwa anajua jina la kila kozi, namba yake, saa zake na chumba chake. Kilichomo ndani ya kozi hakukijua. Alikuwa kama mtu aliyebandika majina kwenye chupa za dawa maisha yake yote, leo kaambiwa anywe. Mhadhiri aliposema "uainishaji", yeye aliandika neno hilo kwa hati nzuri kuliko wote darasani, akalipigia mstari mara mbili, asijue ni kitu gani. Twiga ndiye aliyemweleza, kwa mfano wa kabati la nguo.

Lakini uainishaji ulikuwa mwepesi ukilinganisha na KW 104, Kwaya na Uimbaji wa Ibada, kozi ya lazima kwa kila mkutubi wa mwaka wa kwanza. Karani hakuwa na sauti ya kuimba. Tangu utotoni, akiimba watu humwuliza kama anaumwa mahali. Mwalimu wa kwaya, mwanamume mfupi mwenye subira, alimweka kwanza na sauti ya pili. Wiki iliyofuata akamhamishia sauti ya tatu. Kisha akamsogeza kwa wanaume wa sauti nzito, karibu na mlango. Mwisho akamwambia kwa upole, "Mama, leo wewe utatufunulia vitabu."

Mtihani, hata hivyo, haukuwa na kufunua vitabu. Kila mtu alisimama peke yake mbele ya watahini watatu na kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa ibada. Karani alianza juu mno, akashuka chini mno, na kati ya hapo akapita mahali ambapo mwalimu alisema baadaye kwamba hapana noti. Alipata ishirini na saba kwa mia. Alama za kufaulu ni arobaini. Bibi Kamilisha alikuwa amepata mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu, na aliyebandika orodha ya wenye sapu ukutani alikuwa yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake.

Alipanda ngazi akitweta mpaka kwa mkuu wa kitivo, mchungaji mwenye udaktari wa falsafa na sauti ya mimbarini hata anapoomba chai.

"Mchungaji, nisaidie. Mkutubi kazi yake ni kuwaambia watu wanyamaze. Anafundishwa kuimba kwa nini?"

Mkuu wa kitivo alitabasamu. "Mama, hakuna kozi iliyofikiriwa kwa kina kama hiyo. Luther mwenyewe aliupenda muziki. Waasisi wa programu waliona kwamba mkutubi ni mlinzi wa ukimya, na ukimya huulindi kama huijui sauti." Akavuta droo, akampa andiko la kurasa kumi na nane alilolisoma mbele ya wasomi ugenini, juu ya jambo hilo hilo. "Kasome," akasema.

Karani alitoka na andiko lake mkononi, akihisi kama aliyefungiwa dirisha usoni. Hakushindwa lakini. Akajiambia kwamba kama waasisi waliamua, basi uamuzi wao uko jaladani, na kama uko jaladani atauona, na akiuona atautafutia tundu la kupenya. Mchana ule alijifungia chumba cha kumbukumbu. Jalada la programu ya ukutubi alilipata upesi.

Ndani yake mlikuwa na karatasi ya hayati msajili wa zamani, ya miaka kumi na miwili nyuma, imeandikwa kwa mkono: namba za kozi za mwaka wa kwanza, namba tupu bila majina. Majina yalijazwa na mpiga chapa kutoka orodha kuu. Karani aliishusha miwani, akaipandisha, akaisogeza karatasi dirishani. Mzee yule M yake alikuwa akiiandika ovyo ovyo, miguu imefumbata na kichwa kimepasuka, mtu mwenye haraka angeapa ni W. Mzee alikuwa ameandika KM 104, Mpangilio wa Majalada. Nakala iliyopigwa chapa ilisema KW 104, Kwaya na Uimbaji wa Ibada. Na chini kabisa, pembeni, palikuwa na herufi za mwanzo za jina la mpiga chapa. Alizitambua. Alikuwa amezitambua tangu hajazisoma.

Akaketi juu ya boksi la mitihani ya zamani. Miaka kumi na miwili chuo kilikuwa kimetoa wakutubi wasiofundishwa kupanga jalada, lakini wanaoweza kuimba kwa sauti nne.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kulirudisha jalada mahali pake na maisha yakaendelea. Siku tatu alinyamaza hivyo. Siku ya nne, katika ibada ya asubuhi, walipofika kwenye sala ya toba na watu wakaungama makosa ya mawazo, maneno na matendo, alijisikia akiongeza kwa sauti ndogo, "na ya kupiga chapa." Twiga aligeuka akamtazama.

Baraza la taaluma lilipokutana, karani alikuwa mezani kama kawaida, maana ndiye aliyeandika mihutasari. Twiga naye alikuwapo na wawakilishi wenzake. Kabla ya kufunga kikao, karani alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kusema. Na mtu mwingine aandike."

Akaeleza yote, akaweka karatasi mbili mezani. Mkuu wa chuo, mwanamke mtulivu aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alizilinganisha mstari kwa mstari.

"Miaka kumi na miwili?" akauliza.

"Kumi na miwili, Mama Mkuu."

"Na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza?"

"Waliuliza wengi. Waliniuliza mimi, pale dirishani. Niliwaambia wakasome mwongozo."

Mtu mmoja alipiga chafya, au alijifanya kupiga chafya. Mkuu wa kitivo alikuwa amekaa wima kama nguzo. "Kwa hiyo," akasema polepole, "lile andiko langu..."

"Ni zuri sana, Mchungaji. Nimelisoma mara mbili."

Hapo chumba kizima kiliangua kicheko, na wa mwisho kucheka, lakini aliyecheka zaidi ya wote, alikuwa mkuu wa kitivo.

Wakaamua KM 104 irudi mahali pake. Wakaanza kujadili kuifuta kwaya, na hapo karani alitega masikio. Kusema kweli, anakiri sasa, toba yake haikuwa toba tupu: alitumaini kozi ikifutwa, na sapu yake itafutika. Ndipo Twiga akanyoosha mkono.

"Tunaomba kwaya isifutwe," akasema. "Wiki nzima sisi tuko maktaba, hatusemi. Ile saa ya kwaya ndiyo tunayosikiana. Wengine tumefahamiana kule." Akamtazama karani kwa huruma. "Samahani, Mama."

Kura zikapigwa. Kozi zote mbili zikabaki.

Karani aliagizwa kuwaandikia wahitimu wote wa ukutubi, kuwaomba radhi na kuwaalika kwenye mafunzo ya wiki moja wakati wa likizo. Aliandika barua moja baada ya nyingine. Majibu mengi yalikuwa ya kumtania. Mkutubi mmoja wa hospitali aliandika: "Majalada nilijifunza mwenyewe, kwa kuwapotezea watu kumbukumbu zao mwaka mzima. Hilo sitakusamehe upesi. Ila kwaya ya wauguzi hapa naiongoza mimi, na hilo nakushukuru." Karani aliisoma barua hiyo mara nyingi, hasa sentensi ya katikati.

Sapu ilikuja. Twiga alimfundisha mwezi mzima, adhuhuri, kanisani pakiwa patupu, akimshika mkono na kuuinua sauti inapopaswa kupanda. Nyumbani alijizoeza jikoni. Mumewe alidai saa mbili za wateja zimesimama kwa kumsikia. Siku yenyewe karani alisimama mbele ya wale watahini watatu, akaimba ubeti wake mpaka mwisho. Mmoja alitazama dirishani muda wote. Alipata arobaini na moja.

"Arobaini ni za kuimba," mwalimu wa kwaya alimwambia. "Hiyo moja ni ya kutokimbia."

Muhula uliofuata darasa zima lilisoma KM 104. Hapo karani alitulia. Hapo palikuwa nyumbani kwake. Alimwambia fundi saa kwamba chini ya tisini hatakubali, na mtihanini alitoka wa kwanza, kalamu sikioni. Alipata sitini na tatu. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika: "Majibu mengi ni ya mazoea tu."

Alikwenda kulalamika. Mwalimu, kijana wa kutosha kuwa mwanawe, akamvutia kiti na kumpitisha kosa baada ya kosa kwa nusu saa, na yote yalikuwa makosa kweli. Karani alishukuru, akashuka ngazi, akaingia chumba cha kumbukumbu, kile alichokipanga mwenyewe kwa miaka ishirini na minne. Akasimama mlangoni akikitazama. Kisha akakunja mikono ya blauzi, akavuta boksi la kwanza la rafu ya kwanza, akaanza kulipanga upya.