Mlango wa Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini, Iringa, Sista wa wodi alinipa kikopo cha bati chenye kifuniko. "Kazi yako ndiyo hii," alisema. Mgonjwa wa kifua kikuu hutema makohozi humo asubuhi, kabla hajanywa chai, nasi tunayapeleka kwenye darubini kutafuta vijidudu. Nilitoka sekondari nikidhani vijidudu ndivyo vitakavyonisumbua. Kumbe ni mabwana.

Nilihamishiwa Mbeya. Pale kliniki ya kifua ilikuwa Alhamisi tu, na wagonjwa waliingia kwa mlango mmoja. Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari mkubwa wetu, alikuwa na wimbo wake: "Watu hawa huanzia kwa waganga wao wa kienyeji, kwetu wanakuja kufa." Niliuamini, mpaka nilipomwona Tupokigwe nyuma ya ua wa michongoma, mtoto mgongoni, akikoholea kwenye kanga. Alhamisi iliyofuata, palepale.

"Mwenzangu, mbona huingii?"

"Baba mkwe yupo mlangoni, dada. Nitapitaje?"

Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, wala hatazamani naye. Mzee alikuwa na pumu, na benchi la mlangoni lilikuwa lake kila kliniki.

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Nikamwomba Bwana Mganga tumpitishe huko.

"Huo ni wa wafanyakazi. Na baiskeli yangu niiweke wapi?"

"Baiskeli haikohoi, bwana."

"Toka ofisini kwangu!"

Nikamwendea mzee mwenyewe. Alishika kichwa. "Ee mwanangu! Siku zote hizi mmeniacha nimemzibia njia? Si mngeninong'oneza tu!" Akachukua mkongojo, akaenda zake na pumu yake. Hakurudi tena siku ya Alhamisi.

Tupokigwe akaingia. Makohozi yalikwisha kuwa na damu. Tulimchoma sindano za streptomaisini, lakini mapafu yalikuwa yameliwa. Alipofariki, Bwana Mganga alimwambia mama yake, aliyembeba yule mtoto mgongoni, "Angekuja mapema."

Mapema! Alikuja mapema. Alisimama kwenye baridi ya Mbeya akitungoja sisi.

Mimi nilistaafishwa sina hata mvi moja: tumbo lilipoonekana, nikaambiwa muuguzi mwenye mimba hatakiwi. Naandika haya mwanangu ananyonya. Ninyi wasichana mtakaovaa lile gauni jeupe, mkiambiwa mgonjwa kachelewa, msikimbilie kumlaumu mganga wa kienyeji. Zungukeni kwanza nyuma ya ua. Na mkikuta baiskeli mlangoni, itoeni nje inyeshewe.