Mume wangu amenunua gari ambalo mtoto wetu hana pa kukaa

Admin, nifichie jina tafadhali. Ifakara ni ndogo, na gari lenyewe likitajwa rangi tu watu watajua ni nani.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Mlabani. Mume wangu ni mfanyabiashara wa mchele. Tuna mtoto mmoja, nitamwita Eda, ana miaka tisa na hajawahi kutembea. Anatumia kiti cha magurudumu, na kila wiki nampeleka hospitali kunyooshwa viungo. Tunaenda kwa bajaji, mvua ikinyesha tunafika tumelowa chapachapa.

Mwaka huu biashara ilikubali, mume wangu akasema tununue gari. Nililia kwa furaha. Kumbe mwenzangu moyo wake uko kwenye magari ya spoti. Kila jioni ananiita nitazame simu, analinganisha mawili. "Hili viti vyake vinapuliza ubaridi mgongoni, halafu vinakukanda kiuno. Skrini kubwa, muziki kama uko ukumbini. Lile viti vigumu, AC ya kawaida tu."

Lakini lile la viti vigumu lilikuwa na viti vidogo vya nyuma, mlango mpana, na buti la kuingiza kiti cha Eda kikikunjwa. Nikamwambia, "Baba Eda, kama lazima iwe spoti, chukua hilo."

Akajibu, "Halina raha."

Akaleta lile la kwanza. Viti viwili tu! Nikamuuliza mtoto atakaa wapi. Akasema, "Si utampakata?"

Siku ya hospitali nikampakata. Gari liko chini mno, kumwinua kumtoa nilihisi mgongo unakatika. Kiti chake kilibaki nyumbani, buti halikukipokea, nikambeba mgongoni kutoka getini hadi ndani. Baba yake alibaki kwenye gari, kajifungia na ubaridi wake. Eda akaninong'oneza, "Mama, baba alisahau kama na mimi nipo?"

Tuliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu turudishe gari. Akakasirika. Akasema nimemfanya mtoto kuwa kisingizio cha kumnyima raha, na kwamba Eda aende akaishi kwa bibi yake Masagati, "akapumzike." Nikampigia mama mkwe, nikamwamkia, nikamweleza. Mama wa watu akalia. "Mwanangu, mimi nampenda mjukuu wangu, ila huku nani atamnyoosha miguu? Ataganda huyu mtoto."

Mume wangu hataki kusikia. Anasema Jumamosi Eda anaondoka, na nikimzuia tuondoke wote wawili. Sina kazi, wazazi wangu wameshatangulia mbele za haki. Nampenda mume wangu, hajawahi kuninyooshea mkono. Lakini juzi nilimkuta Eda anajikunjia nguo zake mwenyewe, taratibu, anasema hataki tugombane kwa ajili yake.

Ndugu zangu, nimechoka kulia. Niondoke na mwanangu nikiwa sina pa kwenda, au kuna neno la kumwambia huyu baba ambalo sijalisema? Mwenye nalo anipe, Jumamosi iko karibu.