Kisahani cha Chai Juu ya Ramani

Miaka ile ya tisini nilikuwa mpokeaji wa redio za upepo, zile za kuitana kwa zamu, katika ofisi ya afya, Ifakara. Mdogo wangu alikuwa nesi wa chanjo, na masika yale alikwenda kwa mtumbwi kwenye vijiji vilivyozingirwa na maji. Redio yake ya mkononi haikunifikia. Mzee aliyetunza redio ya kijiji cha Mofu ndiye aliyenipasha habari, saa saba mchana.

“Amenisalimia shikamoo, nimeitika. Nimemuuliza habari za safari, anasema nzuri, ila mtumbwi umepasuka. Yuko juu ya kichuguu na mpiga kasia, maji yanapanda. Betri inakwisha. Ova.”

Nilitaka kulia kwa hasira. Betri imeliwa na salamu! Na alipo hapajui. Kwetu mtu husema yuko shambani kwa fulani, lakini siku hiyo mashamba yote yalikuwa ziwa.

Kambi ya wavuvi nayo ilikuwa na redio yetu. Nikamwambia mzee: “Baba, mwambie asiseme neno. Akisikia mtu, abonyeze kitufe cha redio mara moja tu.”

Mofu wakamwita, mkwaruzo ukasikika kwa mbali. Kambi wakamwita; kwa mbali vilevile. Tulipozijaribu redio zile tulijua sauti inakufia wapi, na kwenye ramani yangu umbali huo ulilingana na nusu ya upana wa kisahani changu cha chai. Nikakifunika juu ya Mofu, nikazungusha penseli. Nikafanya hivyo juu ya kambi. Anasikika kwa shida, basi yuko ukingoni mwa duara zote mbili. Zilikatana mahali pawili: karibu na mto mkubwa, na ndani ya matete upande wa barabara.

Mtumbwi wa kumfuata ulikuwa mmoja tu, wa wavuvi.

Dereva wetu alikuwa kwenye barabara hiyo na Landrova, mbele kidogo ya Kivukoni, maji yamemzuia kuendelea, naye alikuwa na redio. Nikamwomba asogee barabarani huku akiita. Aliita, kimya. Akasogea, akaita, kimya. Mara ya nne akapiga kelele: “Amebonyeza, dada! Amebonyeza!”

Kutoka mto mkubwa asingesikika barabarani. Nilikitazama kitone nilichokiweka kwenye matete, mwili ukanisisimka. Binti ambaye hakuna aliyemwona, ambaye mwenyewe hakujua alipo, alikuwa chini ya ncha ya penseli yangu, kwa sababu tu watu watatu walimsikia. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa upya.

Wavuvi niliowaelekeza huko walimkuta na mpiga kasia, maji yakiwa kiunoni, sanduku la chanjo kichwani. Jioni wakamleta ofisini, matope hadi kwenye nywele. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa zile salamu.

“Shikamoo, dada,” akasema.

“Marahaba,” nikaitika. Nikaanza kumfuta matope usoni.