Kitabu Chenye Watu

Mwezi wa sita huu nilikuwa Songea mjini, kwenye meza ya muuza vitabu karibu na soko, nikimtafutia binti yangu kitabu cha likizo. Muuzaji alinisifia majalada yake mpaka koo likamkauka. Mimi nilimwitikia tu, huku nikikifungua kila kitabu katikati. Akaniuliza mbona sianzi mwanzo kama watu wengine. Nikacheka, rafiki yangu, halafu machozi yakanilenga palepale, mbele za watu. Nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Likizo ya mwezi wa sita kwetu Mjimwema ilikuwa ya baridi na mahindi. Asubuhi ukungu ulishuka hata banda la kuku hulioni. Tulijibanza jikoni kwa bibi, wajukuu pamoja na mama jirani, tukipukuchua mahindi mpaka vidole gumba vikatoka malengelenge. Tulikoka moto kwa magunzi, na kwenye chungu vilichemka viazi vitamu vilivyofunikwa majani ya mgomba. Harufu yake mpaka leo inanifuata. Mtu mmoja tu alisamehewa kupukuchua, naye ni msomaji. Bibi hakujua kusoma, ila alisema kazi bila maneno ni kifungo. Kwa hiyo shule ilipofungwa na mwalimu wetu akaturuhusu kuazima kitabu kimoja kimoja, mimi nilikuwa nachagua nikijua naokoa vidole vyangu.

Nilipofika darasa la nne, zamu ya kusoma ikawa yangu, na jalada likanidanganya. Lilikuwa na ua jekundu, zuri ajabu. Kumbe ndani ni ufugaji wa nyuki, mizinga na vipimo vyake mwanzo mpaka mwisho. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, lakini punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni, to, to, to, na hakuna aliyeinua kichwa. Mama jirani alisinzia kabisa. Nikajua kesho nami nitakabidhiwa kikapu cha mahindi. Jioni bibi akajifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa mwalimu, aliyehifadhi kabati la vitabu sebuleni kwake kwa kuwa darasa lilivuja.

Mwalimu alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti. Bibi aliitikia marahaba, akabaki amesimama.

“Mwalimu, kitabu hiki hakina watu,” alisema. “Tupatie chenye watu.”

Mwalimu akatabasamu, akafungua kabati. Nikanyoosha mkono kuchukua chenye picha nyingi, bibi akanizuia.

“Kifungue katikati, mjukuu wangu. Mwanzoni kila mgeni ana adabu.”

Nikasoma kidogo katika hiki, kidogo katika kile, yeye akitikisa kichwa. Kisha nikaangukia kisa cha mwanamke anayemsingizia mbuzi wa jirani kwamba ndiye aliyemaliza nyama ya harusi. Bibi akavuta kile kiti, akakaa. Akaniambia niendelee.

Kesho yake jikoni, katikati ya kesi ya yule mbuzi, punje zilinyamaza. Mikono yote ilikuwa imesahau mahindi. Sijapata tena kusikia kimya kitamu namna ile, na ninakitamani kuliko hata vile viazi. Bibi alimgombeza yule mwanamke kwa Kingoni kana kwamba amesimama mlangoni, halafu akatugeukia sisi: mikono haina masikio, fanyeni kazi. Tangu hapo, kitabu ambacho hakikunyamazisha beseni tulikirudisha kwa mwalimu.

Bibi ametutoka, mama jirani naye, na jiko lile limebomolewa. Kutoka sokoni nilipita nyumbani Mjimwema na kitabu nilichomnunulia binti yangu, nikiwa nimeshakionja katikati. Nilimkuta shangazi amekodi mashine ya kupukuchua, inatafuna magunia yote kabla chai haijapoa. Simlaumu hata kidogo, nami nayajua malengelenge yale. Binti yangu alikuwa pembeni, ameziba masikio kwa kelele. Mashine ilipozimwa, ua mzima ukawa kimya. Nikakifungua kitabu, nikasoma kwa sauti mistari michache, nikatua kama zamani mbele ya bibi. Shangazi alikuwa anafunga magunia. Hakuna aliyeniambia niendelee.