Niliona simu ya cousin yangu ikiibwa salon Kondele, nikanyamaza

Wakuu, salamu kwenu.

Hii kitu ilianza Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani ndio nisimwangalie Daisy.

Mimi si mtu wa kuongea. Mambo yangu huandika kwa daftari. Hii imekataa kukaa kwa daftari, kwa hivyo naiandika hapa yote, hata pale panaponiaibisha.

Daisy ni cousin yangu. Naishi kwao Kaloleni tangu form one, mamangu yuko ushago, huko kijijini. Tunalala chumba kimoja, na sasa wote tuko form three.

Muhula uliopita nilipata B plain. Yeye alipata C plus. Uncle, babake, akamnunulia simu, ati ameimprove.

Mimi nikaambiwa, "Wewe tunajua utapita tu."

Hiyo sentensi nimeibeba kichwani mpaka nimechoka nayo.

Na si ati Daisy ni mbaya. Hiyo ndiyo inauma. Anacheka na kila mtu, kwaya solo ni yake, hata mbwa wa jirani anamfuata. Mimi nikiingia mahali naulizwa, "Daisy ako wapi?"

Sasa, salon yenyewe nilipomsindikiza Daisy ni kibanda cha mabati pale Kondele, viti vitatu, mwenyewe ni Madam Rose. Aliyekuwa anamsuka Daisy ni Atieno, msichana wa kama miaka ishirini kutoka Kisian. Alikuwa na wiki tatu tu kazini, lakini mkono wake ni mwepesi na wateja walikuwa wameanza kumuulizia kwa jina.

Ukisukwa nyuma, unainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Huoni kitu. Daisy alikuwa ameinama hivyo, mkoba wake umening'inia kwa kiti, zipu wazi.

Akaingia mama mmoja kuuliza bei ya braids. Akasimama kando ya hicho kiti, akamsifu Atieno. Atieno akageuka kuchukua nywele zingine kwa pakiti.

Simu ikatoka kwa mkoba ikaingia chini ya leso ya yule mama. Polepole, kama mtu anachukua kitu chake.

Akaniona nikimwona. Akatoka.

Najua kuna mtu atasema Kondele ukiita mwizi watu hawaulizi maswali, wanaokota mawe. Ni kweli. Natamani hiyo ndiyo ingekuwa sababu yangu. Lakini Madam Rose alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, na ningeweza kumnong'onezea.

Moyoni nilisema, wacha iende.

Kama dakika kumi baadaye Daisy akatafuta simu. Madam Rose akauliza, "Nani amekuwa nyuma ya huyu mtoto tangu asubuhi?"

Kila mtu akamwangalia Atieno.

Wakamwaga mkoba wake chini. Vitana, mafuta, chapati imefungwa kwa karatasi. Mteja mmoja aliyekuwa chini ya dryer akasema, "Wasichana wa siku hizi, mkono mmoja unasuka, mwingine unasaka." Watu wakacheka.

"Madam, nikague hata viatu," Atieno akasema. "Ningeiweka wapi?"

"Umeshampatia mwenzako huko nje. Vua apron uende."

Ndio akanigeukia. "Si wewe ulikuwa umekaa hapo? Uliniona nikigusa huo mkoba?"

Nikasema, "Sikuwa naangalia."

Akavua apron, akaikunja vizuri, akaenda.

Kichwa cha Daisy kilikuwa nusu. Madam Rose akakataa kukimalizia, kwa sababu wasusi hawapendi kuendeleza kazi ya mkono mwingine. Nywele zinakataa kulingana, halafu wa mwisho ndiye analaumiwa. Daisy akafungwa kitambaa, tukaenda.

Wakuu, mpaka tunafika Kaloleni nilikuwa nasikia raha.

Halafu tukafika nyumbani. Auntie akampikia chapati. Majirani wakaja kumpa pole. Uncle akasema atatafuta simu nyingine, poa kuliko ile. Hata kuibiwa kulimkaa vizuri.

Jioni tukiosha vyombo Daisy akaniambia, "Atieno alikuwa ananichekesha sana. Unadhani ni yeye kweli?"

"Sijui," nikasema. Hata hiyo nikamwonea wivu. Yeye ndiye aliibiwa, na yeye ndiye alikuwa anamhurumia Atieno.

Kabla nimalizie, nataka kusikia kutoka kwenu. Mtu akiona na asiguse kitu, ana makosa? Mimi nilikuwa nafikiri kunyamaza ni tabia yangu tu, kama vile wengine ni warefu. Nimejua kuna kunyamaza ambako mtu anachagua. Kama ni kunitusi, nitusini, nitasoma comments zote.

Jumapili asubuhi nilimwambia Daisy kwanza, akiwa anafunga kitambaa kwa kioo. Hakupiga kelele. Alisema "sawa," akaenda kukifungia sebuleni.

Nikaenda salon. Hufunguliwa mapema kwa ajili ya watu wa kanisa. Nikasema yote mbele ya wateja wawili. Madam Rose akaniuliza, "Na jana ulikuwa bubu?" Akampigia Atieno, akaweka loudspeaker.

Atieno akasikiliza, halafu akasema, "Huyo mtoto akuje hapa aseme mbele ya mama yangu. Jana mama aliambiwa mimi ni mwizi kabla hata nifike nyumbani."

Nikaenda Kisian. Mama yake alikuwa anapara samaki, hakuinua kichwa. Nikasema yote, pamoja na ile ya wivu. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kutoka.

Atieno akaniuliza kitu kimoja tu. "Huyo mama alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia. Dera ya kijani, leso ya maua mekundu, sandals nyeupe, ya kushoto imeshonwa na uzi mweusi, jino moja la mbele limevunjika.

"Kumbe uliona vizuri hivyo," akasema.