Filamu ya Mia Nne

Mke wangu akimimina siki kwenye kachumbari, mimi huhama meza. Harufu ile ndiyo ya chumba cha giza cha Mjomba Masatu, kaka yake mama, pale Pasiansi, alikokuwa akisafishia picha. Ndugu zangu, leo nina studio Kiseke na nyingine Butimba, wenye digrii wananiita bosi, na darasa la saba sikulimaliza. Sijisifu, ulizeni tu. Lakini harufu hiyo bado hunishinda.

Mama alifariki nikiwa mdogo, na hakuwa amewahi kupigwa picha hata moja. Ikabidi apigwe akiwa ndani ya jeneza, sebuleni, kabla halijafungwa. Mvua ilikuwa imefunika ziwa lililo mbele ya nyumba yetu, mchana ukawa kama magharibi, na bibi, aliyemzaa, alikuwa amekataza flashi. "Radi hiyo isimpige mwanangu usoni," alisema. "Atapotea njia."

Mjomba akatoa filamu mbili mfukoni, akaninong'oneza: "Hii ya mia inataka jua, mjomba, humu italala usingizi. Hii ya mia nne inaona gizani kama paka." Akaweka ya mia nne. Hata hivyo giza liliizidi nguvu, ikambidi aliache jicho la kamera wazi kwa kitambo. "Mtulie kama mawe!" Tukalizunguka jeneza, tukajikaza.

Siku ya kusafisha nilisimama naye chini ya taa nyekundu. Karatasi ililala kwenye sinia la dawa, nyeupe. Kisha mama akaibuka taratibu, hadi kope zake zikaonekana. Sisi? Moshi mtupu. Mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa, hakuwa na uso. Mimi nilikuwa ukungu uliovaa shati.

Tulipoifikisha nyumbani, mama mdogo alipiga yowe. "Ichomeni! Anatuita wote huyu, tumfuate!" Akakimbia nayo kwenye jiko la mkaa. Nikamng'ang'ania mkono, nikamuuma, maana uso wa mama haukuwa umebaki pengine popote duniani.

Bibi akaichukua, akaipangusa kwa khanga. "Ninyi mtapigwa tena," alisema. "Huyu mniachie."

Kwa miaka mingi niliamini kweli mama alikuwa anatuita. Kazi ndiyo iliyonifumbua macho: kamera ikiachwa wazi, anayetikisika huyeyuka, na sisi tulikuwa tunatetemeka kwa kilio. Nimeshapiga maharusi na mapadri, wakubwa kwa wadogo, wote nawaomba watulie. Hajatokea wa kutulia kama mama.